Mdogo wangu, singo haibadilishi rangi

Wiki hii msomaji mmoja anayetarajia kuolewa ameniandikia: "Dada, harusi yangu mwezi ujao, nisugue uso mara ngapi kwa siku ili niwe mweupe?" Swali hili nimeulizwa tangu nianze kazi ya kupamba maharusi hapa Unguja, na kila nikiulizwa linaniuma.

Kusugua ngozi, hiyo skrabu ya saluni, ni kuondoa seli zilizokufa zikang'ang'ania juu. Ngozi ya kijana hujibadilisha yenyewe kwa muda wa kama siku 28, na umri ukisonga inachelewa zaidi. Seli hizo zikirundikana, mwili unafifia na kukauka, vinyweleo vinaziba, na kwa anayenyoa, nywele zinaotea ndani zikaleta vipele. Ukiziondoa, mwili unakuwa laini na mafuta yanakolea. Basi. Rangi inatengenezwa chini kabisa ya tabaka la juu, na mkono ukifika huko ujue umeshajichubua.

Mimi singo, yaani skrabu yetu ya asili ya kumsugua biharusi, nimefundishwa na bibi yangu: liwa, mawaridi makavu, asumini na karafuu kidogo, vyote vikasagwa vikawa laini, kisha vikakorogwa kwa marashi. Nampaka biharusi mgongoni na mikononi, naiacha ikaribie kukauka, halafu nasugua kwa kiganja taratibu. Hapo ndipo nongo zinapoanza kudondoka juu ya kanga, za kijivu, nyembamba kama tambi. Wapo wanaonipigia siku kadhaa baadaye kuniambia shuka bado zinanukia. Kazi hii naijua, na najivunia.

Lakini kuna mama alimleta binti yake akataka nimsugue uso "mpaka atakate". Nikakataa. Akaniita mshamba mbele za watu, wakaenda kwingine. Harusini nilialikwa, nikamwona yule mtoto ana mabaka meusi mashavuni, poda imeshindwa kuyaficha. Sikusema neno, ila mpaka leo sijasahau. Ngozi yetu nyeusi ikijeruhiwa huacha doa, na doa hilo hukaa miezi.

Kwa hiyo nisikilizeni. Uso, mara moja kwa wiki inatosha. Mwili, mara mbili. Usisugue juu ya chunusi, kidonda au ngozi iliyoungua jua, wala siku uliyonyoa. Sukari na chumvi ya chenga ni za visigino na viwiko. Singo ya uso usitie karafuu, inawasha. Dodoki lioshe ulianike juani, maana likikaa na unyevu bafuni linaota vijidudu. Ukimaliza, paka mafuta mwili ukiwa bado na majimaji.

Wanaotumia asidi za dukani za kupaka ngozi, zinafanya kazi hiyo hiyo bila kusugua: zinalegeza kinachoshikanisha seli zilizokufa. Salisiliki inawafaa wenye ngozi ya mafuta na chunusi; laktiki ni ya upole zaidi kuliko glaikoliki. Ila glaikoliki na laktiki zinaifanya ngozi iungue jua upesi, kwa hiyo paka krimu ya kinga ya jua kila asubuhi, na usichanganye na singo siku moja.

Na hizo krimu za kujing'arisha, zenye haidrokwinoni na zebaki, zinazouzwa chini ya meza, Tanzania zimepigwa marufuku, na kwa haki kabisa. Mama zangu, acheni kuwasukuma watoto huko! Mtoto wa kike anaolewa na ngozi yake, mnataka aazime ya nani?

Wewe uliyeniandikia, anza wiki hii, mara moja tu usoni, na kila baada ya siku chache mwilini. Singo ya mwisho ifanye siku mbili kabla ya harusi, na wiki hiyo usijaribu kitu kipya usoni, hata akikuletea shangazi.