Re: Nimewaita watu 10 usaili kwa imeili, wametokea 4

Pole sana dada, inauma kweli kuandaa paneli halafu viti vitupu, ila kabla hujawalaumu hebu isome tena hiyo imeili uliyoiweka hapa. Umeandika "Jumanne 4:00" basi. Ya asubuhi au ya jioni? Wewe ulimaanisha saa nne yetu, mwenzio simu yake inamwambia 4:00 ni saa kumi jioni. Nilishamwona kijana kaja saa kumi na bahasha yake ya kaki, katoka Morogoro na basi, sisi tunafunga ofisi, aisee iliniuma mpaka leo.

Mimi sasa naandika "Jumanne asubuhi, saa 4 kamili, kwenye simu ni 10:00", na tarehe, jengo, ghorofa, kituo cha daladala cha kushukia, aje na vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA. Halafu namwomba ajibu neno moja tu, "nitafika", asipojibu hadi siku mbili kabla napiga simu, maana wengine bando limeisha au imeili imeangukia spamu hawajaiona kabisa.

Hao 6 wapigie leo, waulize kwa upole.