Usilitume hilo jibu. Ukiwa na mzigo wa vitabu njiani, hujibu mtu

Usilitume. Mengine tutazungumza, lakini hilo jibu ulilomwandalia huyo msomaji usilitume, na zaidi usilitume ukiwa ndani ya boti.

Kwa wanaoingia sasa hivi: kijana katuambia Jumamosi anashuka kutoka Wete, Pemba, na boksi za riwaya aliyoichapisha mwenyewe, apande boti Mkoani, aende Mjini Unguja kuonana na mwenye duka la vitabu Darajani na walimu wakuu wa skuli mbili. Kauliza mzigo unalipiwa vipi, alale wapi kwa bei ya maskini, ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa wapi, na kama ZRA, watu wa kodi wa Zanzibar, watamsumbua kwa risiti. Kisha mwisho kabisa, kwa kupitia tu: "Halafu kuna jamaa kaandika kitabu changu kimejaa makosa, nimemwandalia jibu la kumnyoosha, nitaliposti nikiwa kwenye boti maana nitakuwa na muda." Wadau hapo juu wengine mmekimbilia nauli, wengine mnamwambia amnyooshe. Hakuna aliyeshtuka. Mie nimeshtuka mpaka chai imenimwagikia.

Mdogo wangu, mie hilo boti nishalipanda. Na jibu kama hilo nishaliposti.

Riwaya yangu ya kwanza ilichapwa Dar kwa mkopo, nakala 300. Mwalimu mkuu wa skuli moja huko Mjini alishaniambia kwa simu kuwa atachukua 120, nyengine za maktaba na nyengine za zawadi za wanafunzi, kwa shilingi 8,000 kila kimoja. Piga hesabu mwenyewe: 960,000. Deni la mchapaji lilikuwa karibu na hapo hapo. Mpango ulikuwa nikabidhi vitabu, nipokee changu, nimrushie mchapaji kwa simu, nirudi kwetu Chake Chake nikiwa mwandishi asiyedaiwa. Cheo kizuri hicho, sijakipata mpaka leo.

Basi niko Mkoani, nimeshaketi, mzigo umeshapakiwa, boti bado halijang'oa nanga. Nafungua simu. Chini ya tangazo la kitabu changu kuna mtu wa upande wa Konde, mchuma karafuu, kaandika mistari michache. Anasema sura ya nne ina wachumaji wanaopanda mikarafuu iliyochanua wakachuma maua yake, na jioni mama wa hadithi anayaanika yale maua kwenye jamvi. Akasema karafuu huchumwa ingali tumba. Ikishachanua ushachelewa, hapana atakayekununulia kwa bei ya maana. Akamalizia kwa kusema mwandishi huyu mkarafuu kauona akipita na gari, na ati Kiswahili changu si cha kwetu wala si cha skuli.

Kilichoniuma ni kwamba kasema kweli. Mie ni mtoto wa Chake mjini, baba alikuwa na duka la nguo. Karafuu nilizijua zikishaanikwa kando ya barabara, tunazikwepa na baiskeli. Lakini pale kitini sikuwaza hayo. Niliwaza kuwa mwalimu mkuu anaweza kuiona ile komenti kabla sijafika, kwa hiyo niizime haraka. Niizime! Nikaandika jibu refu kuliko sura ya nne yenyewe.

Yeye kasema karafuu, mie nikampeleka Mombasa mwaka 1928, kwenye ule mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Nikamtembeza mpaka 1930 ilipoanza kazi Kamati ya Lugha. Nikamweleza kuwa Kipemba kilidhulumiwa na kwamba mie ndiye niliyekuja kukirudishia haki yake. Nikamtaja mwandishi Abdulrazak Gurnah na Nobel yake ya 2021, utadhani jana yake tulikuwa baraza moja tunakunywa kahawa. Na katikati ya ujinga wote huo nikapachika mstari mmoja: "Leo wachuma karafuu ndio wa kutufundisha kuandika?"

Nikabonyeza. Boti likang'oa. Kijialama cha mtandao kikapungua, kikapungua, kikafa. Nakumbuka niliridhika kabisa, nikajiegemeza kitini.

Sasa weye unasema utakuwa na muda. Muda gani? Huko nje hamna mtandao. Na mkifika mkondo wa Nungwi hutaki hata kuiona simu. Wapemba wote wanaujua ule mkondo, na tangu meli ya Spice Islander ilipozama kule Septemba 2011 hakuna anayepita akichekacheka. Mwenye uradi yuko na uradi wake, mwenye mfuko wa kutapikia yuko na mfuko wake. Mie nilikuwa na mfuko. Nami nikiwa nimeinamia mfuko, huko nchi kavu watu wananisoma.

Na ule mhadhara wangu wa Mombasa hakuusoma mtu. Waliukata mstari mmoja tu, wa wachuma karafuu, wakaupiga picha ya skrini, wakautembeza kwenye makundi ya WhatsApp. Kwetu Pemba nani hana mchuma karafuu nyumbani? Mie mwenyewe mama yangu mdogo alisomesha watoto kwa karafuu! Binamu zangu nao, Mungu awalipe kwa nia yao, wakaona nimeshambuliwa wakaingia kunitetea. Mmoja akamtukana yule mchumaji kwa jina la baba yake. Yote hayo sina habari nayo. Laiti ningekuwa na mtandao ningeomba radhi ndani ya dakika kumi na mambo yangeishia pale pale. Lakini mtu akikusoma ukiwa baharini, kimya chako anakihesabu kuwa ni jeuri.

Tunakaribia bandari ya Malindi, Mjini, simu ikaanza kutetemeka mfukoni, haiachi. Nikasoma juu juu, nikafuta lile jibu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kushuka. Kosa juu ya kosa. Ikazuka raundi ya pili: "Kafuta! Kafuta huyo!" na picha zikaanza kuzunguka upya, safari hii na vibonzo vya kucheka.

Mwalimu mkuu alinipokea vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliagiza chai na mandazi, akakichukua kitabu, akakifungua, akasifu karatasi na jalada. Simu yake ilikuwa mezani, kaifudikiza, na kila mara anaigusa kwa kidole kidogo kisha anaiacha. Mwisho akasema: "Ustadhi, kitabu sikikatai. Lakini watoto wangu hapa karibu nusu wazee wao wametoka kwenu. Nitawapa hiki kama zawadi, kisha mzee aje aniulize mwandishi ni nani?" Nikajaribu kueleza. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akanimiminia chai nyengine. Hakuchukua 120. Alichukua kimoja, akakilipia kwa pesa taslimu, naamini kwa huruma tu.

Niliuliza aliona lini. Asubuhi ile ile. Kabla ya kukutana na mtu anayemuuzia kitu yeye huandika jina lake mtandaoni atazame. Nawe weka akilini kuwa huyo mwenye duka wa Darajani na hao walimu wawili watakutafuta siku hiyo hiyo ya Jumamosi. Si wiki iliyopita wala si mwezi ujao. Siku unayopeleka mzigo ndiyo siku jina lako linatafutwa, na ndiyo siku huna usingizi wala chaji, na tumbo limechafuka. Umeichagua siku hiyo kwa kumnyoosha mtu?

Boksi nilizihifadhi kwa kaka yangu Michenzani, kwa siku mbili tatu. Bado ziko. Shemeji anaziita "wageni wako". Kila nikipiga simu kuwasalimu ananiambia wageni hawajambo, hawali sana, ila wanataka chumba chao.

Sasa nimseme aliyenifundisha huo ujinga, maana sikuuzua peke yangu. Kuna bwana mmoja anajiita mshauri wa waandishi, ana darasa la WhatsApp, unalipia kwa simu, ukimaliza unatumiwa cheti chenye mhuri wa dhahabu aliouchora mwenyewe. Kitabu chake mwenyewe sijawahi kukiona. Bwana huyo alitufundisha kuwa kila komenti ijibiwe ndani ya saa moja, kuwa ubishi ni tangazo la bure, kuwa mwandishi asiyejibu ni duka lisilo na muuzaji. Tukaandika kwenye madaftari! Nilipoharibikiwa nikamwandikia faragha, nikamweleza yote, nikamuuliza sasa nafanyaje. Vitiki viwili vya buluu, ndiyo mpaka leo. Kumbe habari ya kutojibu yeye anaijua vizuri sana, ila hiyo hakututoza.

Na nyie mnaomwambia kijana hapa "mnyooshe", "asikuchezee", mtamlipia mchapaji? Tazameni mlivyo. Jumapili mtakuwa na mtu mwengine wa kumsukuma.

Kanuni yangu ni moja na siibadilishi hata mtu aniletee cheti cha mhuri wa dhahabu: mzigo ukishatoka nyumbani, hujibu maoni ya mtu juu ya kitabu mpaka mzigo umepokelewa na pesa imeingia. Akikusifu, hujibu. Akikutukana, hujibu. Akisema umeiba hadithi ya bibi yake, hujibu. Kinachojibiwa njiani ni biashara tu: bei gani, kinapatikana wapi, nilipie namba ipi. Binamu zako uwapigie simu Ijumaa usiku, mmoja mmoja, uwaambie wakae kitako, hasa yule unayemjua. Ukirudi nyumbani ukala ukalala, hapo ndipo usome alichosema huyo mtu, na jibu lenyewe liwe mstari mmoja: "Ahsante, nimeliona, nitalitazama." Kisha ulitazame kweli.

Mtu atasema akinyamaza ataonekana kakubali. Akubali, kwani vipi? Weye mwenyewe hujatuambia kama hayo makosa yapo au hayapo. Nimeisoma posti yako tena na tena kutafuta hilo, halipo. Umetueleza jibu lako zuri kiasi gani, umetueleza na jamaa mwenyewe ni nani kwao, makosa hukuyagusa. Mie naijua hali hiyo.

Yule mchumaji wa Konde nilimtafuta faragha baadaye, nikamwomba radhi bila ya "lakini". Hakunijibu kwa maandishi. Alinitumia sauti, ndefu, kuku wanasikika nyuma yake. Hakunisema hata kidogo. Alinieleza tu namna tumba linavyobadilika rangi, lini unajua limefika. Namna shina la mkarafuu linavyoteleza kukiwa na umande. Namna usiku nyumba nzima, wazee kwa watoto, wanavyokaa kuchambua karafuu mbali na makonyo, vile vijiti vyake, mbali. Na hofu ya wingu likijikusanya wakati majamvi yote yako nje, maana karafuu ikinyeshewa ndio basi. Kule Wawi kuna kiwanda kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo, na mie niliyekulia hapo jirani sikuwahi kuuliza yanatoka wapi. Sura ya nne nimeiandika upya kwa sauti ile. Ndiyo sura pekee watu wanayoisifu. Ningemsikiliza Mkoani ningekuwa na sura hiyo na 960,000 juu yake.

Haya, na maswali yako. Mzigo: boksi ndogo ndogo, usijaze kubwa moja, karatasi ni nzito na boksi hutumbuka chini. Kila boksi lifunge nailoni ndani kabla ya vitabu, si nje tu, sakafu huwa na maji ya chumvi. Andika jina na namba ya simu pande mbili. Mahamali wa Malindi patana nao kabla hawajashika kitu. Akishaweka begani bei ni yake. ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na hiyo ilitakiwa uipate kabla ya kuchapa, ila hilo nalo tuliwache maana nitakasirika tena. Ya risiti za ZRA kuna watu humu wanafanya biashara rasmi, watakusaidia kuliko mie mwenye boksi Michenzani. Ulale wapi... uliuliza ulale wapi? Mie hulala kwa kaka, lakini chumba kimejaa wageni.

Hilo jibu bado liko kwenye rasimu? Lifute leo, usingoje Jumamosi, maana kidole kinakuwa na akili yake. Ukishalifuta andika hapa "nimefuta" nilale. Hapa, si kwa huyo msomaji.