Maswali ya Wasomaji: Kitufe Kisichobonyea

SWALI: Nasikia vitufe vya pembeni mwa simu vitaondolewa na kuwekwa vya kugusa tu. Kama hakibonyei, ile "tik" inatoka wapi?

JIBU: Inatoka kwenye mota. Kitufe cha kawaida kina kibati chembamba kilichobinuka. Ukikikandamiza kinabonyea ghafla, kinaunganisha umeme, kisha kinarudi. Kitufe cha kugusa hakina kibati hicho. Ndani ya fremu hubandikwa sensa inayotambua fremu ikipinda hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mgandamizo ukivuka kiwango kilichowekwa, programu huiamuru mota itoe mpigo mmoja mfupi, na kidole kinaamini kimebonyeza kitu.

Kinaamini iwapo mpigo umekuja papo hapo. Hapo ndipo simu nyingi za bei nafuu zinapokwama. Mota yenye uzito unaozunguka upandeupande huchukua makumi ya milisekunde kupata kasi, tena haisimami mara moja, kwa hiyo unahisi mngurumo tu. Inayofaa ni mota ya mstari: kipande cha uzito juu ya springi, kinachosukumwa na sumaku huku na huko, mara nyingi kati ya mitetemo 150 na 250 kwa sekunde. Mwenye iPhone 7 ya mwaka 2016 aizime kabisa, kisha abonyeze kitufe cha chini ya skrini. Atakuta ni kigumu kama ukuta, kwa sababu nacho ni cha kugusa na mota yake imezimwa.

SWALI: Simu ikiganda, nitaizimaje?

JIBU: Swali zuri kuliko yote. Kitufe kinachotegemea programu hakikusaidii programu yenyewe ikiganda. Kwenye iPhone 6s uliwasha upya kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha chini ya skrini. iPhone 7 ilipokuja, hicho cha pili nafasi yake ikachukuliwa na kitufe cha kupunguza sauti, ambacho bado kilikuwa cha kubonyea kweli. Vitufe vyote vikiwa vya kugusa, lazima iwepo chipu ndogo ya pembeni inayopata umeme wakati wote na kusoma sensa bila kusubiri prosesa kuu. HTC U12+ ya 2018 ilifanya vitufe vyake vya pembeni kuwa vya mgandamizo, na wakaguzi wengi walilalamika kuwa haviaminiki. Vivo NEX 3 ya 2019 ilifanya hivyo pia, lakini ikaacha kitufe kidogo cha kubonyea juu ya simu kwa ajili ya kuwashia. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi wa busara: vya sauti viguswe, cha kuwashia kibonyezwe.

SWALI: Kava na glavu havitaleta shida?

JIBU: Inategemea sensa. Inayotambua umeme wa ngozi hukataa glavu ya kawaida na huchanganyikiwa na maji. Ya mgandamizo haijali glavu, ila kava gumu linalobana ubavu wa simu huisukuma muda wote, au husambaza nguvu ya kidole kiasi kwamba kiwango hakifikiwi. Sauti ikipanda yenyewe, au ikikulazimu kukandamiza sana, vua kava kwanza ujaribu tena kabla ya kumtafuta fundi. Chagua kava lililo wazi mahali pa vitufe.

Na ukienda kwa fundi kubadilisha kioo cha iPhone 7 au 8, mwambie ahamishe kitufe chako kilekile bila kuchana kebo yake, ambayo ni nyembamba mno. Kitufe hicho kimefungamanishwa na bodi ya simu yako. Ukichomeka cha simu nyingine, alama ya kidole haitafanya kazi. Kebo ikishachanika, unaweza kuwasha AssistiveTouch kwenye mipangilio ili upate kitufe cha kwenye skrini.

SWALI: Si vinasaidia simu isiingie maji?

JIBU: Kidogo. Simu nyingi zenye vitufe vya kubonyea zina IP68, yaani kiwango cha kuzuia vumbi na maji, kwa sababu ya vipete vya mpira vinavyoziba matundu. Faida iliyo wazi zaidi ni kwamba hakuna kibati cha kuchoka wala upenyo wa vumbi.