Saa 20 kwa Wiki, Wala Si Wastani

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza. Anakusudia kufanya kazi dukani, na pia kuwasuka wenzake nywele kwa malipo, ili achangie ada. Ndugu yake aliyeko huko anasema akifanya kazi saa 25 wiki hii, kisha 15 wiki ijayo, havunji sheria. Je, ni kweli? – Mzazi, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Si kweli, mzazi mwenzangu, na ushauri huo unaweza kumponza binti yako akapoteza viza. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili bila kutafuta wastani. Akiwa na waajiri wawili, saa zote hujumlishwa. Kusuka kwa malipo ni kujiajiri, nako hakuruhusiwi. Wengi wa uzamili hukwama kiangazi: wenzao wa shahada ya kwanza wakiwa likizoni hufanya kazi kutwa, ilhali yeye anayeandika tasnifu kwa kawaida huhesabiwa kuwa bado yumo masomoni, na kikomo kinabaki palepale.

Kuhusu ada, nakusihi usiitegemee kazi hiyo, kwa kuwa mwombaji anayelipiwa na familia hutakiwa kuwa na fedha za ada na za kujikimu benki kwa siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza, na mshahara unaotarajiwa hauhesabiwi.