Katiba ya Jimbo Isomwe Mpaka Mwisho: Kwa Mnaoanza Sheria Marekani

Ndugu zangu mnaoanza kusomea sheria Marekani, au mnaoingia kwenye ofisi za msaada wa kisheria huko, kuna jambo ambalo darasani hupitwa mbio. Mteja akija na dai la haki isiyotajwa popote, wengi hukimbilia katiba ya shirikisho, na wasipoiona humo hufunga jalada. Msifunge. Chukueni katiba ya jimbo mkaisome orodha ya haki hadi mwisho wake. Katika takriban theluthi mbili ya majimbo mtakuta kifungu kifupi kinachosema kwamba kutajwa kwa haki hizi hakuzipunguzi wala kuzikana nyingine zilizobaki mikononi mwa wananchi. Ohio kiko kwenye ibara ya 1, kifungu cha 20. California, ibara ya 1, kifungu cha 24. Mississippi, ibara ya 3, kifungu cha 32.

Chimbuko lake ni Marekebisho ya Tisa ya katiba ya shirikisho, yaliyopitishwa mwaka 1791. James Madison, mbunge aliyeandika rasimu yake, alikuwa amejibu hofu ya siku zile kwamba ukishaandika orodha, kisichoandikwa kitahesabiwa kimeachiwa serikali. Alabama na Maine waliingiza maneno ya namna hiyo kwenye katiba zao mwaka 1819, na majimbo mengine yakafuata.

Hapa ndipo nawaomba mtulie. Serikali ya shirikisho ilipewa mamlaka yaliyotajwa moja moja. Kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba Marekebisho ya Tisa yanaikumbusha tu isivuke mamlaka hayo. Hoja hiyo haisimami mbele ya katiba ya jimbo. Bunge la jimbo lina mamlaka ya jumla: linatunga sheria za ndoa, shule, afya na leseni za biashara bila kungoja kuruhusiwa jambo kwa jambo. Sasa kama kifungu hiki hakilindi haki yenyewe dhidi ya mamlaka mapana kiasi hicho, kiliwekwa kulinda nini? Jizoezeni kuiandika hoja hii kwa maneno yenu wenyewe, maana wakili wa serikali atawaletea hukumu za shirikisho kana kwamba vifungu hivi viwili ni kitu kimoja.

Hata hivyo, msiitundike kesi nzima kwenye kifungu hiki peke yake. Majaji wengi hukiogopa kwa kuwa hakiwaambii haki ni ipi, nao wana sababu. Kiambatanisheni na kitu cha kushikika. Mwaka 1985 Mississippi kulikuwa na mgonjwa aliyekataa kuongezewa damu kwa sababu ya dini yake, huku serikali ikitaka alazimishwe kwa kuwa ilimhitaji kama shahidi katika kesi ya jinai. Mahakama ya Juu ya jimbo ilisimama upande wa mgonjwa: ikaegemea uhuru wa dini, ulioandikwa, pamoja na haki ya faragha, ambayo katiba ile haikuitaja kwa jina. Kifungu cha 32 kikawa kimepata pa kukanyaga. Kwa Alaska na California ni rahisi zaidi, kwani faragha iliandikwa waziwazi mwaka 1972.

Tena jiulizeni daima "wananchi" waliokusudiwa ni kina nani. Katiba ya Alabama ya 1901, iliyotumika hadi 2022, ilikuwa na kifungu hiki, kizuri kabisa kukisoma, lakini katiba hiyohiyo iliandikwa ili kuwanyang'anya watu weusi kura kwa kodi na mitihani ya kusoma. Mimi naona hiyo ni sababu ya kukidai kifungu kwa niaba ya wale walioachwa nje.

Mliotoka Kenya au Uganda msijione wageni sana hapa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na ibara ya 45 ya Katiba ya Uganda ya 1995 zina wazo hilohilo, ingawa ya Kenya inadai haki hiyo iwe inatambuliwa au imetolewa na sheria.

Mkishapata kifungu, tafuteni kumbukumbu za mkutano ulioandika katiba ya jimbo lenu. Za Ohio za 1850 na 1851 zilichapishwa. Someni wajumbe walibishana nini, sheria za wakati ule ziliwaachia watu kufanya nini bila kuomba ruhusa, kisha ndipo mwandike aya ya kwanza ya madai.