Niweke rehani nyumba tunayoishi ili nijenge ghorofa?

SWALI: Mimi ni mhasibu katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, na mshahara unaofika mkononi ni shilingi 85,000 kwa mwezi. Benki imekubali kunikopesha shilingi milioni 4 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14 inayoweza kubadilika, ili nijenge nyumba ya ghorofa. Dhamana ni nyumba yetu ya Shela tunamoishi na watoto 3. Afisa wa mikopo anasema sheria inaniruhusu, kwa kuwa nitabaki na zaidi ya theluthi ya mshahara. Wenzangu kazini wameshajenga, nami nimechoka kuonekana niko nyuma. Mke wangu sijamwambia, nataka afurahi siku ya kuhamia. Je, niendelee?

JIBU: Ndugu yangu, kwa hali uliyoieleza, nakuomba usiuchukue mkopo huu. Marejesho yatakuwa karibu shilingi 49,700 kila mwezi, na katika malipo ya kwanza shilingi 46,700 hivi zitakuwa riba tupu, kwa hiyo deni lenyewe litapungua kwa shilingi 3,000 na ushei tu. Kufikia mwisho wa miaka 20 utakuwa umelipa takriban milioni 11.9 kwa milioni 4 ulizopewa.

Hayo ni iwapo riba itatulia. Mwaka 2011 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 7 mwezi wa Septemba hadi asilimia 18 mwezi wa Desemba, na waliokuwa na mikopo ya aina yako wakapandishiwa marejesho nyumba zikiwa bado hazijaezekwa. Riba yako ikifika asilimia 18, utadaiwa karibu shilingi 61,700 kwa mwezi, na chakula, karo, umeme na matibabu ya watu 5 vitoke katika shilingi 23,300. Theluthi anayoitaja afisa imo katika Sheria ya Ajira ya 2007, lakini huo ni mpaka aliowekewa mwajiri anapokata mshahara. Haukuwekwa kupima kama watoto watakula.

Tena wewe ni mtu wa hoteli. Unajua masika yakiingia, kuanzia Aprili hadi Juni, vyumba hubaki vitupu na wafanyakazi hupewa likizo bila malipo, na hujasahau mwaka 2020. Benki haingoji watalii warudi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema ukishindwa kulipa kwa mwezi mmoja unaweza kupewa notisi ya siku zisizopungua 90, kisha notisi ya kuuza ya siku zisizopungua 40, na baada ya hapo ni mnada. Nimeliona tangazo la mnada limebandikwa kwenye mlango wa jirani, na waliolisoma mwanzo ni watoto wake waliokuwa wakitoka madrasa, mdogo akimuuliza mkubwa maana ya neno "dalali".

Kuhusu mke wako, sheria hiyohiyo haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo siri hiyo haiwezekani hata ungeitaka. Nami naona haifai. Mtu hujikuna ajipatapo, na mkono wenu unafika wapi anajua yeye anayekwenda sokoni kila siku kuliko wenzako wa kazini, ambao madeni yao huyaoni.

Hamu ya kujenga si kosa. Mweleze leo usiku, mwekee karatasi za benki mbele yake mzihesabu pamoja, kisha kuanzia Aprili wekeni shilingi 49,700 kila mwezi katika akaunti ya pembeni, kama kwamba mkopo mmeshauchukua. Mkifika Septemba bila kuzigusa, mtakuwa na shilingi 298,200 za kuanzia mawe na saruji, bila kudaiwa na mtu. Mkilazimika kuzichota mwezi wa Juni, nyumba ya Shela bado ni yenu.