Mjenzi Anasema Hati Iko Njiani

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii ni ya watu wanaonunua nyumba mpya kutoka kwa wajenzi. Nimeyapa nafasi haya matano.

Shikamoo mama. Nimepata nyumba Muriet, hapa Arusha, vyumba vitatu, imekwisha kila kitu. Mjenzi anataka asilimia 70 sasa, hati anasema iko njiani. Nilipe?

Marahaba mwanangu. Usilipe bado. "Hati iko njiani" ni maneno mapana mno. Huenda kiwanja kina hati kwa jina lake na anasubiri kukigawa. Huenda hakijapimwa kabisa, na alichonacho ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule unaonyesha tu kwamba watu waliuziana mbele ya mashahidi, hauwi hati.

Mwombe namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, kisha ufanye upekuzi ofisi ya ardhi, wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, si wakili wake. Utajua mmiliki ni nani na kama hati imewekwa rehani benki. Hapo kwenye rehani ndipo ninapowasihi sana. Nyumba yangu ya kwanza nilishalipa nusu ndipo nikagundua hati iko benki, na mkopo wa mjenzi haulipwi. Nilikosa usingizi miezi mingi, maana pesa ile ilikuwa ya familia nzima.

Kila mnachokubaliana kiandikwe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, makubaliano ya mdomo ya kuuziana ardhi hayana nguvu mahakamani. Malipo yafuate hatua: kidogo mkisaini, kikubwa uhamisho ukikamilika, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako hadi masika yapite.

Tumehamia nyumba mpya hapa Moshi, mwezi wa tatu huu, kuta zimeanza nyufa. Mjenzi anasema ni kawaida, nyumba inatulia. Ni kweli?

Inategemea ni nyufa gani, dada yangu. Zile nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye plasta, mara nyingi ni za saruji iliyokauka upesi kwa sababu fundi hakumwagilia vya kutosha. Hizo zitazibwa mkipaka rangi upya. Ufa wa kuogopa ni ule unaoanzia kona ya dirisha ukapanda mshazari, ukifuata maungio ya tofali kama ngazi. Huo aghalabu unatoka kwenye msingi, hasa kama mmejenga juu ya udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi.

Chukua penseli, chora kistari pale ufa unapoishia, andika tarehe pembeni. Urudi baada ya wiki 4. Ukikuta ufa umevuka kistari, au sarafu ya shilingi 100 inaingia, piga picha, mwite mhandisi asiye mtu wa mjenzi, na mpelekee mjenzi barua, si simu. Tazama mkataba unasemaje kuhusu kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Mingi huweka miezi 6 au 12. Andika kabla hakijaisha.

Nyumba ninayoitaka, nje kidogo ya Arusha, ina kisima chake. Nichemshe maji tu?

Hapana, kuchemsha hakuondoi madini ya floraidi. Maji mengi kuzunguka Mlima Meru yanayo kwa wingi, na ndiyo yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Peleka sampuli maabara kabla ya kulipa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kodi ya mauzo analipa nani?

Kodi ya faida itokanayo na mauzo ni ya muuzaji. Akitaka uibebe wewe, hiyo ni bei mpya; iandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.

Kesho nakabidhiwa funguo. Nikague nini?

Nenda mchana, na ndoo. Fungua bomba zote kwa pamoja, vuta maji vyooni, kisha uinue mfuniko wa chemba uone kama yanapita. Halafu mwaga ndoo nzima bafuni. Maji yakielekea mlangoni badala ya kwenye tundu, usisaini hadi sakafu irudiwe.